Laktomita haipimi risasi: uzi kuhusu metali nzito katika maziwa tunayouza na kununua

Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote, wafugaji kwa wanywaji. Huu ni mwaka wa 11 tangu nianze kupokea maziwa katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa kwenye milima ya mkoa wa Tanga, na jambo ninalolileta hapa nimekuwa nalo moyoni tangu msimu wa vuli uliopita. Nitaliandika kwa urefu, kwa sababu likielezwa kwa mkato huzua hofu, na likinyamaziwa wanaoumia ni watoto.

Mfugaji mmoja wa kituo chetu alikuwa na ng'ombe watatu chotara, wawili wakikamuliwa na mmoja mtamba. Nyumba yake inatumia umeme wa jua, na betri ilipokufa aliitoa ndani akaiweka ubavuni mwa banda, juu ya tofali, akisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu wapite. Upande mmoja wa betri ulikuwa umepasuka. Ng'ombe, kama kila mfugaji ajuavyo, hulamba chochote ambacho ulimi wake unakifikia, na hulamba zaidi anapokosa madini katika chakula chake. Siku ya Jumatano mtamba alianza kusaga meno. Alhamisi alitokwa na udenda, masikio yakamtetemeka, kisha akatembea moja kwa moja hadi akajigonga kwenye mpera kana kwamba mti haukuwepo. Bwana mifugo alidhani ni ugonjwa wa moyo maji na akamchoma sindano ya antibiotiki, na simlaumu hata kidogo, maana dalili zinafanana mno. Ijumaa usiku mtamba akafa. Walipompasua asubuhi, ndani ya tumbo la pili, lile ambalo ukuta wake una vyumba kama sega la nyuki, walikuta vipande vya rangi ya kijivu, vizito kuliko umbo lake, na laini kiasi kwamba ukipitisha ukucha unaacha mstari. Ilikuwa risasi ya betri.

Katika siku hizo zote ng'ombe wawili waliobaki waliendelea kula, kucheua na kukamuliwa, na maziwa yao yalifika kituoni kila siku kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Niliyanusa, nikaangalia rangi, nikatumbukiza laktomita ikasimama kwenye 29, nikachanganya kiasi kidogo na spiriti na hayakuganda. Niliandika lita katika daftari, kisha nikayamimina kwenye tangi la kupoozea pamoja na maziwa ya wafugaji wengine. Kila kipimo nilichofundishwa nilikifanya, na kila kimoja kiliniambia kwamba maziwa yale ni mazuri.

Vipimo vyetu havikudanganya, ila havikuulizwa swali hilo. Laktomita hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji ili kumnasa aliyeongeza maji, na spiriti huonyesha kama maziwa yameanza kuchachuka na hayatastahimili moto wa kiwandani. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa kuona risasi, kadimiamu, zebaki wala aseniki. Metali hizi nzito, ambazo baadhi yetu huziita madini tembo, haziyabadilishi maziwa rangi, harufu wala ladha katika kiasi kinachotosha kumdhuru mtoto. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa metali haifi kwa moto kama bakteria. Maziwa yakichemka hadi yakapungua, kilichoondoka ni maji, na metali imebaki katika ujazo mdogo zaidi. Kuondoa malai hakusaidii pia, na kugandisha mtindi hakusaidii, kwani sehemu kubwa ya risasi iliyomo katika maziwa hushikamana na kasini, yaani ile protini ambayo ndiyo hasa inayoganda.

Kiwango cha juu cha risasi katika maziwa kwa mujibu wa Codex Alimentarius, kanuni ya vyakula ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ni miligramu 0.02 kwa kilo, na Umoja wa Ulaya unatumia kiwango hicho hicho. Ni kiasi kidogo mno. Gramu moja ya risasi, yaani kipande cha ukubwa wa punje ya choroko, ikisambaa yote sawasawa inatosha kuzifikisha lita 50,000 za maziwa kwenye ukomo huo, na betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi. Zamani kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilikuwa imeweka kiasi ambacho mtu angeweza kuvumilia kwa wiki, mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake, lakini mwaka 2010 ilikiondoa kiwango hicho kwa sababu haikuona tena mahali pa kuchora mstari na kusema kwamba chini ya hapa hakuna madhara. Risasi huharibu ubongo unaokua, na mtoto mdogo hufyonza risasi iliyo katika chakula mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mtoto huyo huyo ndiye tunayempelekea maziwa kwanza.

Ni lazima niseme pia kwamba mwili wa ng'ombe unatukinga kwa sehemu kubwa, nisije nikawafukuza watu kwenye maziwa. Kiwele si bomba linalopitisha kila kilichomezwa. Kadimiamu nyingi hubaki katika maini na figo, ndiyo maana mtu anayeishi karibu na machimbo ya zamani anapaswa kuyaogopa maini na figo kuliko maziwa. Risasi nayo huingia katika maziwa kidogo kidogo mradi damu ya ng'ombe ina risasi chache. Lakini damu ikifika takriban miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo, kiasi kinachopita kwenda katika maziwa hupanda kwa kasi. Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wachache wanalijua. Mwili huichukulia risasi kama kalisi, ukaihifadhi mifupani, na ng'ombe anapozaa na maziwa kuwa mengi, mifupa huachia kalisi kwa ajili ya maziwa na kuachia risasi pamoja nayo. Ukiongeza vipande vilivyozama katika lile tumbo lenye sega, ambavyo huyeyuka polepole kwa miezi, utaelewa kwa nini ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kutoa maziwa yasiyofaa muda mrefu baada ya betri kuondolewa.

Sampuli za ng'ombe wale wawili tulizipeleka maabara, na majibu yalichukua wiki kadhaa. Mmoja alikuwa chini ya ukomo. Mwenzake, aliyekuwa akilala kwenye banda hilo hilo, alikuwa juu yake, na kwa macho yeye ndiye aliyenawiri zaidi.

Hoja yangu ni hii. Katika maziwa ya kawaida ya nchi yetu hatari kubwa ya metali haitokani na hewa wala mvua; inatokana na kitu fulani, mahali fulani, ambacho ng'ombe fulani amekifikia kwa ulimi. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni banda, na kipimo cha maabara kinapaswa kufuata njia ya maziwa hadi karibu na banda, badala ya kusubiri mwisho kabisa kwenye pakiti. Chukueni mfano wa hesabu tu: ng'ombe mmoja anatoa lita 10 zenye risasi miligramu 0.2 kwa kilo, mara kumi ya ukomo. Zikimwagwa katika tangi la lita 1,000, risasi yake inashuka hadi 0.002, na anayepima tangi haoni kitu. Lakini jirani anayenunua nusu lita mlangoni kwa mfugaji kila jioni kwa ajili ya mtoto wake anampa mtoto huyo takriban mikrogramu 100 za risasi kwa siku. Na sote tunajua kwamba maziwa mengi hapa kwetu huuzwa hivyo, mlango kwa mlango, bila kupita katika tangi lolote.

Naomba michango yenu, hasa ya wale waliowahi kukutana na jambo hili.

DaktariWaMifugo_Iringa

Mtoa mada, umeeleza vizuri, na mimi nimekutana na hali hiyo mara mbili, zote zikitokana na betri. Nataka kuongeza upande wa tiba ili wenzangu wa vijijini wasipoteze muda.

Ng'ombe akiwa kipofu ghafla, anasaga meno, anagandamiza kichwa ukutani na homa yake si kali, usikimbilie moyo maji wala kichaa cha mbwa kabla hujazunguka banda. Tafuta betri, tafuta makopo ya rangi ya zamani, tafuta oili chafu na grisi ya mashine. Nimekuta betri chini ya hori lenyewe, imewekwa kama kigingi. Vitamini B1 kwa sindano husaidia ubongo, na chumvi ya Epsom kwa mdomo huibadilisha risasi iliyo tumboni iwe katika hali isiyofyonzwa kwa urahisi. Dawa inayoivuta risasi kutoka mwilini ni kalisi EDTA, ambayo katika maduka mengi ya pembejeo hutaipata. Hata ukiipata, haiondoi vipande vilivyokwama tumboni, na ng'ombe aliyepona macho na miguu hajapona kwa maana ya maziwa. Wafugaji huniuliza, "Daktari, amesimama, nianze kuuza?" Jibu langu ni kwamba tupime damu kwanza.

Wanaochukua sampuli wazingatie jambo moja: chukueni damu nzima katika kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, msipeleke yale maji ya juu ya damu, kwani risasi hukaa ndani ya chembe nyekundu. Sampuli nyingi zimerudi na majibu ya uongo kwa kosa hilo.

Mama_Temeke

Shikamoo kaka, na shikamoo daktari. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na maziwa nanunua kwa mama mmoja jirani mwenye ng'ombe wawili. Tangu nisome uzi huu sijalala vizuri. Je, nimwachishe maziwa? Na je, ya pakiti ni salama zaidi?

Mtoa mada

Marahaba dada yangu, na pole kwa usingizi uliokupotea. Usimwachishe. Mtoto aliyeshiba kalisi na madini ya chuma hufyonza risasi kidogo kuliko mtoto mwenye upungufu wa madini hayo, na maziwa ni chanzo kikubwa cha kalisi kwake, kwa hiyo kumnyima maziwa kwa kuogopa risasi kunaweza kumfungulia mlango risasi inayotoka katika vumbi na vyombo. Mwongezee dagaa, maharage na mboga za majani kwa ajili ya madini ya chuma.

Kisha nenda kwa huyo mama jirani, kwa heshima na bila kumshtaki, umwombe akuonyeshe banda. Angalia kama kuna betri, vyuma chakavu, makopo ya rangi au gereji jirani. Muulize majani anakata wapi. Dakika tano za kutazama zitakueleza zaidi kuliko mimi niliye mbali.

Kuhusu ya pakiti: maziwa ya kiwandani yamechanganywa kutoka kwa mamia ya ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe mmoja aliyelamba betri hupotea ndani yake, na hilo kwa mnywaji ni kinga ya aina fulani. Lakini kiwanda nacho kinaweza kuwa chanzo, na mfano wake mchungu kuliko yote ni wa Japani. Mwaka 1955 unga wa maziwa ya watoto wa kampuni ya Morinaga, uliotengenezwa katika kiwanda chake cha Tokushima, uliwekwa sodiamu fosfeti ya kuyatuliza maziwa, na kemikali hiyo ya bei nafuu ilikuwa na aseniki. Watoto wachanga zaidi ya 12,000 waliathirika na zaidi ya 100 walifariki. Ng'ombe wa Japani hawakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika gunia ambalo hakuna aliyelipima kabla ya kulifungua.

Niongeze jambo moja ambalo akina mama wachache hulifikiria, nalo ni sufuria. Sufuria nyingi nzito za aluminiamu zinazouzwa mitaani huyeyushwa kutokana na chakavu za kila namna, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vya vyombo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, vilionyesha kwamba baadhi yake huachia risasi katika chakula. Maziwa yanaweza kutoka safi kwa ng'ombe yakachafukia jikoni kwako. Ukiweza, chemshia maziwa ya mtoto katika chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Mkata_Nyasi

Mimi ninafuga ndani hapa Dar es Salaam, ng'ombe wanne, na sina shamba. Majani nakata kandokando ya barabara kubwa na bondeni kwa Msimbazi. Wengi tunafanya hivyo, hatuna pengine. Nawaombeni mnieleze ukweli bila kunionea huruma.

Mtoa mada

Nitakueleza ukweli, na huruma ninayo, kwani najua bei ya robota moja la nyasi kavu mjini.

Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, baada ya nchi hizo kukubaliana Dakar mwaka 2001. Lakini risasi haiozi. Ile iliyotoka katika mabomba ya magari kwa miongo kadhaa ilitua kandokando ya barabara hizo hizo na ingali katika udongo wa juu, na ng'ombe humeza udongo kuliko tunavyofikiri, asilimia kadhaa ya chakula chake, hasa majani yanapokuwa mafupi au yamerukiwa na tope. Kwa hiyo kata mbali na lami kadiri uwezavyo, kata juu kidogo badala ya kukwangua ardhi, yakung'ute majani na uyasuuze kama mvua imerusha matope. Bonde la mto unaopokea majitaka ya viwanda na gereji ni tatizo zito zaidi kuliko barabara, kwa sababu hapo mmea wenyewe huvuta kadimiamu kupitia mizizi, na kuosha hakuitoi. Hapo bondeni, ndugu yangu, ningeacha kukata. Panga na wenzako mchange fedha za kuleta lori moja la majani ya tembo kutoka nje ya mji. Gharama ikigawanywa kwa ng'ombe kumi na tano hainyongi kama unavyodhani.

Pumba na mashudu nayo si salama kwa sababu tu yamefungwa katika gunia lenye chapa. Mwishoni mwa mwaka 1989 pumba za mpunga kutoka Burma zilizochanganyika na risasi ziliingia katika chakula cha ng'ombe huko Uholanzi na Uingereza, ng'ombe wakafa, na mashamba mengi yakazuiwa kuuza maziwa hadi vipimo viliposhuka. Wafugaji wale walikuwa na mabanda masafi. Ndiyo maana nasema kiwanda cha chakula cha mifugo kinapaswa kuulizwa maswali yale yale anayoulizwa mfugaji.

Mwana_Mikindani

Nawaandikia kutoka Mombasa. Hapa kwetu neno risasi lina historia, na tukizungumzia maziwa na risasi siwezi kunyamaza, hata kama maziwa yenyewe si ya ng'ombe.

Katika mtaa wa Owino Uhuru palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda hicho, mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa malaria na homa ya matumbo bila nafuu, mpaka vipimo vilipoonyesha kwamba ni risasi, na akaambiwa kwamba inampata mtoto kupitia maziwa yake ya kifuani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurudisha mwezi wa Desemba 2024 baada ya kutenguliwa katika rufaa. Kwa miaka yote hiyo ya kesi watoto waliendelea kukua.

Nasema haya kwa sababu mtoa mada ametaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Betri ikiondoka bandani kwa mfugaji inakwenda wapi? Ikienda kwa mtu anayeivunja kwa nyundo na kuiyeyusha uani, mmeihamishia risasi kwa mtoto mwingine.

Mtoa mada

Asante sana bwana. Neno lako limenigusa, na nitalirudia mwishoni.

Mchimbaji_Geita

Huku kwetu watu wanasema zebaki ya dhahabu imo katika maziwa ya ng'ombe wanaokunywa maji ya mialo, yaani sehemu za kuchenjulia dhahabu. Kuna ukweli?

Mtoa mada

Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ikimezwa na ng'ombe katika hali hiyo hupita kidogo sana kwenda katika maziwa. Hatari yake kubwa iko kwingine: katika mvuke unaovutwa na anayechoma dhahabu na kila aliye karibu naye, na katika samaki, kwa kuwa vijidudu vya majini huigeuza zebaki kuwa aina ambayo mwili huifyonza kwa urahisi mno. Kwa hiyo mama mchimbaji anayechomea dhahabu jikoni anamdhuru mtoto kwa hewa ya jikoni kabla hata ya kufikiria maziwa.

Hilo halimaanishi kwamba machimbo hayahusiani na maziwa. Mwamba wenye dhahabu unaweza kuwa na aseniki au risasi, na makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, yanapousaga huifanya iwe vumbi linalotua juu ya majani na katika madimbwi. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mwamba wenye dhahabu ulikuwa na risasi nyingi, watu waliusaga majumbani, na watoto wasiopungua 400 walifariki. Ng'ombe asiruhusiwe kulisha juu ya marudio, yaani mabaki ya mwamba uliokwisha kutolewa dhahabu, wala kunywa maji yanayotiririka kutoka humo, na hori lisiwe upande ambao upepo wa karasha unaelekea.

Fundi_Kiwandani

Nafanya kazi katika kiwanda cha kusindika maziwa, sitakitaja. Mtoa mada, unataka tupime kila kituo. Unajua gharama? Mashine ya kupimia metali kwa kiwango cha 0.02 si ya kuweka kituoni, inahitaji gesi, asidi safi, mtaalamu na umeme usiokatika. Sisi tunapeleka sampuli za bidhaa ya mwisho nje, na zinafaulu.

Mtoa mada

Ndugu yangu, naheshimu kazi yako na naijua gharama. Sisemi mashine ipelekwe kituoni. Nasema sampuli ndiyo itoke kituoni. Mnapopeleka chupa tano za bidhaa ya mwisho maabara, pelekeni badala yake chupa mbili za bidhaa na tatu za matangi ya vituo tofauti, na mwezi unaofuata vituo vingine, mkianza na vile vilivyo karibu na miji, machimbo, madampo na barabara kuu. Bei ni ile ile. Sampuli ikikaribia ukomo katika tangi la watu sitini, mnajua kwamba kati yao kuna banda lenye tatizo kubwa, na mnaweza kushuka hadi mlifikie. Kufaulu kwa bidhaa iliyochanganywa hakuwaambii lolote kuhusu banda hilo, wala kuhusu jirani anayenunua hapo hapo mlangoni.

Dandora, Nairobi, inafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na dampo lile, na takriban nusu yao walikuwa na risasi kuanzia mikrogramu 10 kwa desilita ya damu, wakati kiwango ambacho Marekani sasa hukitumia kuwatambua watoto wa kufuatiliwa ni 3.5. Wastani wa damu ya watoto wa jiji zima usingeonyesha jambo hilo. Walilijua kwa kwenda mahali penyewe.

Na kwa upande wa serikali, tangu masuala ya usalama wa chakula yalipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, tunacho chombo kimoja cha kuweka na kusimamia viwango, tunayo Bodi ya Maziwa inayosajili wadau, na tunao wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ninachokiomba ni kwamba usajili wa kituo uambatane na ukaguzi wa mabanda, hata mara moja kwa mwaka, na kwamba mfugaji anayeripoti ng'ombe wake mwenyewe asiadhibiwe kwa kupoteza kipato chote. Akijua kwamba kusema ukweli ni kukosa ada ya shule, atanyamaza, na mimi katika nafasi yake sijui kama ningesema.

Mfugaji_Njombe

Nina betri mbili nyuma ya banda sasa hivi ninapoandika. Moja imepasuka. Nifanye nini leo?

Mtoa mada

Mfunge ng'ombe mbali na hapo kwanza, na watoto waondoke. Vaa glavu za mpira na nguo ambayo utaifua peke yake. Usimwage maji ya betri chini, ni asidi na imebeba risasi. Iweke betri wima ndani ya beseni gumu la plastiki lenye mfuniko, mahali penye paa na kufuli. Udongo uliobadilika rangi chini yake uchote pamoja na sentimita kadhaa za pembeni, uutie katika gunia la plastiki, na usiutupe shambani. Usichome kitu chochote. Kisha chunguza hori na mbao ambazo ng'ombe amekuwa akizilamba. Usimuuzie betri mtu anayeivunja mtaani, kwa sababu aliyoieleza ndugu yetu wa Mikindani. Muulize muuzaji wa betri mpya kama huzirudisha kwa mtengenezaji mwenye kibali, na ofisi ya mazingira ya wilaya ikuelekeze asipokuwepo. Kama kuna dalili kwamba ng'ombe aliilamba, mpigie daktari wa mifugo ili achukue damu, na maziwa yake yasiuzwe wala ndama asiyanywe hadi majibu yarudi.

DaktariWaMifugo_Iringa

Na chumvi. Mwekee jiwe la kulamba. Ng'ombe aliyetosheka madini hupunguza kulamba ovyo.

Mama_Temeke

Kaka, nimekwenda kwa jirani. Betri hakuna, ila hori lake limepakwa rangi ya zamani ya mlango na inabanduka. Tumekubaliana alibadilishe, na mimi nimechangia mbao. Je, yule mfugaji wako aliishia wapi?

Mtoa mada

Umefanya jambo kubwa, dada yangu. Magamba ya rangi hiyo yafagiwe yakiwa yamelowa ili vumbi lisiruke, na mbao za zamani zisitumike kuni.

Wanachama wa kituo chetu walikaa kikao wakakubaliana kumlipa yule mfugaji nusu ya bei ya maziwa ya ng'ombe aliyezidi, kutoka mfuko wa dharura, mradi ayamwage shimoni mbele ya shahidi na asimpe ndama. Ng'ombe wa pili anaendelea kuleta maziwa na tunampima. Kituoni tumeweka pipa la plastiki lenye mfuniko kwa ajili ya betri zilizokufa, na katika mwezi wa kwanza zimeletwa 17 kutoka vitongoji vitatu, nyingi zikiwa zimetolewa mabandani. Ng'ombe aliyezidi amepimwa mara mbili tangu wakati huo na risasi inashuka, ila bado iko juu ya ukomo. Sampuli ya tatu nimeichukua leo alfajiri, ipo katika sanduku la barafu, na inaondoka na basi la kesho saa kumi na mbili asubuhi.